Sili Mbili za Pikipiki ya Hemed

Pikipiki ya Hemed ilianza kuvuja oili tangu mwenyewe akiwa mzima, ila wakati huo hakuna aliyejali. Kila Jumamosi aliipangusa, akainama kuzitazama shokapu zake za mbele, akasema ataishughulikia, kisha akaipiga teke ikawaka na kutoka nayo kuelekea Parramatta Road. Ilikuwa BSA nyeusi ya Kiingereza, ya mwaka hamsini na sita, aliyoinunua ikiwa vipande ndani ya makasha kwa mjane mmoja wa Lidcombe, akaiunganisha kwa miaka mingi katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yao ya Guildford, huko Australia. Mkewe, Ruqayya, aliwahi kumwambia kwamba laiti yeye angezaliwa na magurudumu wangeonana mara nyingi zaidi. Hemed alicheka. Ruqayya hakuwa akitania sana.

Januari ya mwaka tisini na sita, katika lile joto la kiangazi linaloyeyusha lami, Hemed alianguka kazini kwenye karakana ya reli, spana ingali mkononi. Kilikuwa kiharusi. Mguu wa kulia ulirudi kidogo kidogo hata akaweza kutembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Na maneno yakamvurugika. Akili yake ilikuwa nzima, daktari alilisema hilo waziwazi, ila alipokwenda kuchukua jina la kitu alikuta jina la kitu kingine limekaa mahali pake. Alitaka chumvi akasema dirisha. Alimwita binti yake Huda kwa jina la shangazi yake aliyefariki zamani huko Tanga. Kiingereza alichokizungumza kwa miaka yote ile ya karakana kiliondoka karibu chote. Kiswahili kilibaki, lakini kama kabati lililomwagwa sakafuni.

Hemed alikuwa mtu wa maneno. Aliposikia anavyozungumza, aliona haya, akaacha kuzungumza.

Basi Ruqayya akawa anazungumza kwa niaba yake. Kwa daktari, kwa watu wa pensheni, kwa majirani, kwa Huda alipopiga simu kutoka Kensington alikopanga chumba na wanafunzi wenzake. Hospitalini kulikuwa na muuguzi Mkenya, Wilkister, mwanamke mrefu wa Kisumu, ambaye alimvuta pembeni siku moja akamwambia, "Mama Huda, wewe unammalizia maneno. Mwache ahangaike nayo kidogo." Ruqayya alikubali kwa kichwa na kuendelea kummalizia. Si jambo rahisi kumtazama mumeo akizama mbele ya macho yako kwa sababu ya neno "chai".

Pikipiki ilikaa gerejini. Chini ya gurudumu la mbele palitokea doa jeusi, likawa sahani, likawa sinia. Ruqayya aliweka bati la zamani la kuchomea kuku likinge oili, akafunga mlango.

Rafiki yao Mudrik, Mzanzibari aliyeendesha teksi, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya kuswali katika msikiti wa Auburn. Yeye hakumwacha Hemed peke yake; alikaa naye akamsimulia habari za abiria wake, hata kama hakujibiwa. Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, baridi imeshaingia, alikwenda gerejini kutafuta kiti cha ziada akarudi akitikisa kichwa.

"Shemeji," alimwambia Ruqayya, "ile pikipiki inakufa pale. Shokapu zote mbili zinatoa oili. Naweza kuja na gari la kuvuta niipeleke kwa mafundi. Au kama mnataka iondoke kabisa, mimi nitaichukua. Mnajua naipenda."

Ruqayya alikuwa anafungua kinywa aseme ichukue, na Mungu akubariki. Lakini Hemed alipiga kofi mkono wa kiti. Wote wawili walimgeukia. Alikuwa mwekundu wa macho, midomo inatafuta.

"Si," alisema. "Si... si mafundi. Wewe." Na kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kinamwelekea mkewe.

"Mimi nini?" aliuliza Ruqayya.

"Wewe. Tengeneza."

Mudrik alicheka, akidhani maneno yamechanganyika tena. Ruqayya hakucheka. Alimjua mume wake, na ule haukuwa uso wa mtu aliyekosea neno.

Ruqayya alifanya kazi katika karakana ya mapazia huko Lidcombe, akishona vitambaa vizito kwa cherehani kubwa za umeme, na cherehani yake ilipogoma aliifungua mwenyewe, kwa sababu kumsubiri fundi kulimpotezea siku nzima. Kushika spana hakukumtisha. Kilichomtisha kilikuwa kukaa gerejini na mtu yule, wawili peke yao, bila redio wala mgeni, katika ukimya ule. Tena, kusema kweli, alikuwa na kinyongo na ile pikipiki. Ilikuwa imemla mumewe Jumamosi zote za ujana wao, na sasa amebaki mabaki, inamtaka na yeye.

Jumamosi asubuhi alivaa suruali ya zamani ya Hemed ya kazini, akaifunga kiunoni kwa ukanda wa pazia, akafunga kilemba. "Haya," alisema. "Twende."

Hemed alikaa kwenye kiti cha jikoni mlangoni mwa gereji, blanketi magotini, mkongojo ubavuni. Ruqayya aliinua sehemu ya mbele kwa jeki na kusukuma kreti ya maziwa chini ya injini. Hilo alilijua, alikuwa ameliona likifanywa mara elfu kutoka dirisha la jikoni. Baada ya hapo hakujua lolote.

"Kwanza nini?"

Hemed alitazama. Alinyoosha kidole kwenye gurudumu. "Sa... samaki."

"Gurudumu? Nitoe gurudumu?"

Alitikisa kichwa, akakasirika, akaelekeza kidole kwenye ukuta wa zana. "Samaki."

"Spana?"

Alifumba macho na kukubali, kama mtu anayelipa faini. Hivyo ndivyo walivyoanza. Spana ilikuwa samaki, bisibisi ilikuwa wali, nyundo ilikuwa mara nyundo mara harusi. Kila alipokosea, Ruqayya alimrukia na neno lililo sahihi, na kila alipomrukia, uso wa Hemed ulizidi kukunjamana. Gurudumu lilitoka, madigadi ikatoka. Alifungua skrubu ndogo zilizo chini ya kila shokapu na oili ikamwagika ndani ya bati, nyeusi, nyembamba kama maji, yenye harufu ya samaki waliooza. Ruqayya alifunika pua kwa kilemba. Hemed aliivuta ile harufu kwa pua zote mbili na kwa mara ya kwanza alionekana yuko mahali anapopajua.

Shokapu za pikipiki ile ni mabomba mawili kila upande, moja jembamba linaloingia ndani ya jingine nene lenye oili na springi. Jembamba limekabwa juu, chini ya usukani, kwa kubana tu kama kizibo cha chupa. Ruqayya alilegeza nati kubwa ya juu na bolti ya chini, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena, akining'inia kwa uzito wake wote.

"Piga," alisema Hemed.

"Nipige wapi?"

Alionyesha ile nati ya juu. Ruqayya aliweka kipande cha ubao juu yake akaigonga kwa nyundo taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe.

"Piga," alisema Hemed.

"Nikiivunja?"

"Piga, mama Huda."

Maneno yote matatu yalikuwa mahali pake. Ruqayya aliinua nyundo na kupiga. Sauti ilivuma ndani ya gereji, na shokapu ikaanguka mikononi mwake na kumpaka oili mpaka kwenye viwiko. Ya pili alipiga bila kuambiwa.

Hapo ndipo walipokwama. Sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, ulikuwa ndani ya kofia ya chuma iliyofungwa kwa uzi wa skrubu juu ya lile bomba nene. Kofia yenyewe haikuwa na pa kushikia spana. Ilikuwa laini pande zote, na vijishimo viwili tu chini yake. Ruqayya alifunga bomba kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kujaribu kwa koleo, ikateleza. Alijaribu kwa mkanda wa ngozi, ukakatika.

"Mkate," alisema Hemed.

Ruqayya alinyanyuka, akapangusa mikono, akaenda jikoni akarudi na mkate uliopakwa siagi juu ya kisahani. Hemed aliutazama. Aliusukuma.

"Mkate," alisema tena, na kidole kikaelea hewani, huku na kule.

"Huu hapa mkate."

"Mkate. Mkate wa... mkate."

"Unataka koleo? Bomba? Kamba?" Alimtajia kila kitu kilichokuwa ukutani. Mwishowe Hemed alikiangusha kile kisahani kwa mkono wa kushoto, kikavunjika, na mkate ukaanguka kifudifudi ndani ya oili.

"Basi," alisema Ruqayya. "Basi, baba Huda. Nimechoka mimi."

Aliingia ndani. Jumapili alipika, alimvisha, alimkatia kucha, yote bila neno.

Wiki iliyofuata, siku aliyorudi mapema kutoka kazini, alikwenda gerejini kuchukua vitambaa vya kupangusia. Vilikuwa kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi. Alipoyavuta makopo aliona ukingo wa bati jeusi la duara, akalijua mara moja. Lilikuwa bati lake la mkate wa kumimina, alilopewa na mama yake Mombasa wakati anakuja kuolewa huku. Alikuwa amelitafuta kwa miaka. Alimshutumu jirani mmoja, Mungu amsamehe, na mpaka leo salamu zao zilikuwa za mbali. Kumbe mumewe ndiye aliyelichukua akalifanya chombo cha zana ndogondogo. Ndani yake, kati ya vyuma asivyovijua, kulikuwa na bomba fupi lililokatwa kwa msumeno, na chini yake meno mawili yaliyochongwa kwa tupa. Alilichukua akaenda nalo kwenye jiliwa. Meno yaliingia katika vile vijishimo viwili, yakakaa barabara.

Hakufikiri juu ya pikipiki. Alifikiri ni mara ngapi tangu Januari mtu yule alisema neno lililo sahihi, na yeye akaenda kumletea jingine.

Alirudi ndani na bati mkononi. Hemed alikuwa mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Mkate," alisema Ruqayya, na kuliweka mapajani mwake.

Hemed aliliangalia bati, akamwangalia yeye, na kwa uso wa mtoto aliyekamatwa akasema, "Wako."

"Wangu, ndiyo. Mwizi wewe. Mpaka Bi Zainabu wa watu nikamgombeza bure." Lakini alikuwa amekaa chini karibu naye, na alikaa pale mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo alijaribu kunyamaza Hemed anapotafuta neno. Ilikuwa kazi kubwa kuliko ile ya kufungua nati. Alijiuma ulimi, alihesabu tasbihi kichwani, wakati mwingine aligeuka akajifanya anatafuta kitambaa. Mara nyingine neno lilikuja, mara nyingine halikuja na wakacheza bubu kwa mikono. Kofia zote mbili zilifunguka. Sili za zamani zilikuwa zimekauka, ngumu kama kipande cha plastiki, zimepasuka pembeni. Na Ruqayya alipopitisha kidole juu ya lile bomba jembamba la upande wa kulia, alihisi kitu. Vidole vyake vilizoea kutafuta sindano iliyovunjika ndani ya mshono. Palikuwa na vitundu vidogo vya kutu, vingi, vikali.

Alichukua mkono wa Hemed wa kushoto na kukipitisha kidole chake pale pale.

"Hapa," alisema.

Hemed alihisi, akatulia, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa hajui. Kwa hesabu yake kasoro ilikuwa sili tu. Lakini bomba lenye kutu lingechana sili mpya kwa wiki chache, na kazi yote ingekuwa bure.

"Lidcombe," alisema. Neno hilo halikukosea njia.

Karibu na njia ya reli kulikuwa na duka la vipuri vya pikipiki za zamani, la mzee mmoja Mwaustralia aitwaye Rufus, ambaye Hemed alikuwa mteja wake miaka yote. Hemed hakuwa ametoka nyumbani tangu hospitali isipokuwa kwa daktari. Ruqayya alimfunga koti, wakapanda treni na lile bomba limeviringishwa ndani ya gazeti. Watu walilitazama wakadhani bunduki, mpaka Ruqayya akalifunua kidogo makusudi.

Rufus alimtambua Hemed, akatabasamu, kisha akaona mkono na mkongojo. Tabasamu likabaki mahali pake lakini macho yakahamia kwa Ruqayya. Alimuuliza Ruqayya kwa Kiingereza mumewe anaendeleaje, na kama anaelewa anaposemeshwa.

Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Ruqayya. Alikuwa amelisema mara nyingi hata limekuwa kama kanda ya kaseti. Akalimeza.

"Anaelewa yote," alisema. "Maneno ndiyo yanachelewa. Muulize yeye, mimi nitasubiri."

Hemed aliweka bomba juu ya kaunta. Akaweka sili kuukuu. Akachukua kidole cha Rufus, mzee mzima, kama mtu anavyomshika mwanafunzi, akakipitisha juu ya ile kutu. Rufus alipiga mluzi wa chini. Alimwambia Hemed, polepole, akimtazama usoni, kwamba hilo halifai tena, ila ana jingine la mitumba huko nyuma, zuri, lililotolewa kwenye pikipiki iliyoungua nyuma tu.

"Leta," alisema Hemed kwa Kiswahili, na Rufus akaenda kuleta kana kwamba ameelewa. Alirudi na bomba, na sili mbili mpya ndani ya kikaratasi, na kikombe cha chai yenye maziwa ambacho hakuna aliyekiomba. Wazee wawili walikaa wakiligeuzageuza lile bomba kwenye mwanga wa dirisha, wakilijaribu kwa kucha. Ruqayya alisimama mlangoni akitazama treni zinavyopishana, na kwa saa nzima hakuna mtu aliyemhitaji.

Jumamosi iliyofuata alifunga shokapu ya kwanza. Alisafisha, akapaka oili, akagongea sili mpya ndani ya kofia kwa mpini wa nyundo, akaunganisha kila kitu. Hemed alikuwa amesinzia kwa dawa, na Ruqayya, akiwa na kiburi kidogo cha mtu aliyeanza kuijua kazi, hakumwamsha. Alimimina oili kwa juu, akafunga nati, akaanza kuibonyeza shokapu juu na chini kama alivyomwona yeye akifanya.

Hemed aliamka kwa kelele za kubonyeza. Wakati huo huo mchirizi wa oili safi, ya rangi ya asali, ulitokea juu ya kofia, ukateremka taratibu, ukamdondokea Ruqayya kwenye kiatu. Alibonyeza tena, asiamini. Ukaja mwingine, mnene zaidi.

Hemed akacheka. Alicheka kicheko cha zamani, cha tumboni, kilichoanza kwa kukoroma na kuishia kwa machozi. Ruqayya hakuwa amekisikia kicheko kile tangu kabla ya Januari, na mtu angedhani angefurahi. Hakufurahi. Alikuwa amesimama pale na suruali inayomporomoka, kucha zimeharibika kwa wiki nzima, na mtu anamcheka.

Alitupa kitambaa chini akaenda uani kuanua nguo. Alianua na zile ambazo hazijakauka.

Alisikia mkongojo kwenye saruji, kisha kwenye majani. Hemed alikuwa hajatembea peke yake kwenye majani tangu atoke hospitali. Ardhi ilikuwa na mabonde. Ruqayya alitaka kugeuka amshike. Hakugeuka. Alisikiliza tu, moyo juu, mpaka mkongojo ukasimama nyuma yake.

Ilichukua muda.

"Asante," alisema Hemed.

Ruqayya aligeuka. Uso wa mumewe ulikuwa na majuto matupu. Ni wazi alikwenda kuchukua samahani akarudi na jingine. Au labda hakukosea. Hakumuuliza.

"Haya," alisema. "Nimekosea wapi?"

Hemed aliweka vidole vyake vya kushoto kama kikombe, akavigeuza chini juu.

"Nimeiweka kichwa chini?"

"Mdomo," alisema Hemed. "Mdomo... kwa oili."

Mdomo wa sili unapaswa kuangalia oili iliko. Ruqayya alikuwa ameuelekeza nje. Basi ilibidi kufungua kila kitu upya, na alifungua, safari hii mume yuko macho na anasimamia kila hatua kama nyapara.

Walipofika kwenye kufunga kofia, Hemed alimzuia. Pale kofia inapokutana na bomba kuna mfereji mwembamba, na fundi wa zamani huzungusha uzi ndani yake ili oili isipenye kwenye skrubu. Hemed alionyesha kwa vidole, akizungusha, akisema "nywele, nywele." Ruqayya aliona mfereji, akaona vidole, akanyamaza mpaka alipomaliza. Kisha akaenda ndani akarudi na kibunda cha uzi wa katani uliopakwa nta, ule wanaoshonea pindo za mapazia mazito ya majumba ya sinema. Hemed aliushika, akauvuta, akaujaribu kwa meno. Nyusi zilipanda.

Ruqayya aliuzungusha mwenyewe. Mizunguko ilikaa ubavu kwa ubavu, haikupandana, na mwisho wake aliuficha chini ya mizunguko mingine bila fundo, kama anavyoficha uzi kwenye pindo. Hemed alikuwa ameinama karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgonga mkononi. Katika miaka yake yote, kwa mikono yake miwili mizima, hakuwahi kuuzungusha vizuri hivyo, na ilionekana usoni mwake kwamba analijua hilo na halimuumi.

Walifunga ya kulia, na bomba la Rufus. Walirudisha madigadi na gurudumu na breki. Ruqayya alishika usukani akaibonyeza pikipiki yote kwa kifua, juu, chini, juu, chini, mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akapitisha kitambaa cheupe kuzunguka kila kofia. Kilitoka cheupe. Hakuamini, akampa Hemed apitishe yeye.

"Kavu," alisema Hemed.

Mudrik alikuja Ijumaa, akaikuta nje imesimama kwenye kijia, inang'aa. Alizunguka mara mbili, akachuchumaa, akagusa.

"Nani katengeneza hii?" alimuuliza Ruqayya.

Ruqayya alichukua sinia ya chai akaingia nayo ndani polepole. Nyuma yake ilisikika sauti ya Hemed, ikijikwaa, ikirudi nyuma, ikianza tena. Ilichukua muda hata maji yakachemka. Mudrik hakummalizia. Ruqayya hakusikia yote, ila alisikia "mke wangu" na alisikia "uzi".

Alipotoka, Mudrik alikuwa amevaa kofia ya pikipiki na anamtazama kwa namna mpya kidogo, ya heshima na mshangao. Aliipiga teke mara kadhaa, ikakohoa, ikawaka. Alikwenda nayo hadi Woodville Road akarudi kwa njia ya mbali, kwenye barabara zenye mashimo. Zile shokapu zilipanda na kushuka na zikabaki kavu.

Mudrik aliizima, akaishikilia, na hata mtu asiye na macho angeona kwamba hataki kushuka. Hemed alimtazama sana. Kisha akajikokota hadi pale, akaweka kiganja cha kushoto juu ya tangi, na kusema sentensi yake. Ruqayya alisimama na birika mkononi. Kila neno lililokwama aliliona linavyokwama, na alilijua lile linalotakiwa, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na akaliacha pale.

"Chukua," alisema Hemed. "Mimi... mkono. Siwezi. Wewe... iendeshe. Isilale."

Mudrik alianza kukataa kwa adabu, kwamba ndugu yangu hii ni yako, utapona, utaipanda. Hemed akapiga kofi juu ya tangi.

"Nimesema."

Basi ikaondoka. Ruqayya alidhani atasikia nafuu, maana aliitaka iondoke kwa miaka, lakini gereji ilipobaki tupu aliionea huruma, akakaa juu ya kile kiti cha jikoni kwa dakika chache kabla ya kufagia. Siku iliyofuata alikwenda kwa Bi Zainabu na sahani ya vitumbua na kumwomba radhi, bila kueleza sana.

Maneno ya Hemed hayakurudi yote. Daktari alisema wazi kwamba hayatarudi yote, na hayakurudi. Lakini siku za Jumatano alianza kwenda dukani kwa Rufus, kwanza na Ruqayya, kisha peke yake, kwa treni. Siku ya kwanza ya peke yake Ruqayya hakushona hata pazia moja lililonyooka. Msimamizi alimrudishia kazi. Alipofika nyumbani hakumkuta. Alisimama getini mpaka akamwona anakuja kutoka stesheni, polepole, akisimama kila nguzo kupumzika, mfuko wa karatasi umening'inia kwenye mkongojo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na breki za pikipiki ya mteja wa Rufus, zimechakaa, na vipande vipya vya kugandisha juu yake.

"Za nani hizi?" aliuliza Ruqayya.

Hemed alitafuta. Ruqayya alingoja, akitazama barabarani.

"Zetu," alisema Hemed hatimaye. "Jumamosi."